Tairi la Nyuma Kushoto

Kaka yangu alituletea gari mwezi wa Desemba, siku zile ambazo Wachagga wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani na barabara ya Kibosho inajaa magari yenye vumbi la safari. Lilikuwa limeoshwa, limepigwa polishi, limefungwa utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni kama gari la bibi harusi. Aliliingiza mpaka uani, katikati ya migomba, ndugu wote tukiwa tumekaa, akashuka na kumwekea mama funguo mkononi. Akasema mama alimsomesha kwa kahawa, na sasa hapandi tena nyuma ya pikipiki kwenda hospitali. Mama akalia. Shangazi zetu wakapiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na Jumapili yake waumini wakaambiwa waige mfano wa mtoto yule.

Sherehe ilipoisha kaka akarudi Dar, na gari likabaki kwangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Kibosho. Mume wangu alishafariki, naishi na mama kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, na kati yetu tuliobaki mlimani mimi peke yangu ndiye mwenye leseni. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, jeupe, la miaka mingi. Sikulalamikia uzee wake. Magari ya huku karibu yote ni wazee, na yakitunzwa yanakwenda.

Lakini siku ya kwanza tu kulishika barabarani, nikimpeleka mama hospitali, nilijua lina jambo. Tulipofika kwenye kipande cha lami kilichonyooka, nikalegeza mikono kidogo, likaelekea kushoto kama punda aliyeona nyasi. Nikalirudisha, likaondoka tena. Ili liende mbele ilibidi usukani niushike umepinda kulia, ile nembo ya katikati imekaa upande. Tulipofika hospitali bega langu lilikuwa linauma.

Jioni nikampigia kaka.

"Kaka, shikamoo. Gari linavuta kushoto."

"Marahaba. Barabara zenu hizo, dada. Zimeinama ili maji yaende mtaroni, na gari nalo linafuata maji." Akacheka. "Utalizoea."

Sikulizoea. Nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Shirimatunda, mtu wa makamo, maneno mengi. Alilizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akaniangalia mimi badala ya kuliangalia gari.

"Mama, unaingia sana kwenye mashimo."

"Gari nimeletewa majuzi. Hayo mashimo nimeyaingia lini?"

"Akina mama mna kawaida ya kupanda kingo mkiegesha. Hamhisi tu."

Akabadilisha kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele, akafunga kamba kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, akafumba jicho moja, akakaza, akasema alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, tayari. Kisha, kwa wema wake, akahamisha tairi: za mbele nyuma, za nyuma mbele, akipishanisha za kulia na za kushoto. "Ili ziishe sawasawa," akasema. Hilo la kuhamisha tairi nakuja kulieleza, maana ndilo lililonichelewesha kuujua ukweli.

Gari likaendelea kuvuta kushoto, na likaanza kula tairi. Nilinunua tairi mpya, na kabla msimu haujageuka moja likawa limelika upande. Fundi mwingine, wa mjini Moshi, akasema ni bushi, zile raba za kwenye vyuma vya magurudumu. Akabadilisha bushi. Wa tatu akasema ni shokapu. Akabadilisha shokapu. Nao wakahamisha tairi kama wa kwanza. Kila mmoja alikuta kosa la aliyemtangulia, na wote walikubaliana kwenye jambo moja tu, kwamba dereva ni mwanamke. Kila nilipompigia kaka nilipata jibu lilelile la barabara, na siku moja aliongeza, "Lakini dada, nawe unaendesha kama unalima."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza tairi, na nilijifunza kwa hasira. Jumapili baada ya misa, wenzangu wakisalimiana uwanjani, mimi nilikuwa nimeinama kwenye magari ya watu. Kila fundi niliyekutana naye nilimuuliza, hata aliyekuwa anaziba pancha za baiskeli. Na kwa kuwa nimezoea kusahihisha madaftari, nikagundua kwamba tairi nalo linasahihishika. Lililolika katikati, pembeni likiwa zima, lina upepo mwingi kupita kiasi. Lililolika pande zote mbili, katikati likiwa zima, lina upepo mdogo. Lenye mabonde mabonde, hapa limelika hapa halijalika, gurudumu lake linarukaruka, kamata shokapu. Na lililolika ukingo mmoja tu, gurudumu lake halijasimama wima au halitazami mbele.

Kuna pia jambo la kiganja. Unapitisha kiganja juu ya tairi kuelekea ndani, kisha unakirudisha kuelekea nje. Likiwa laini ukienda na likikukwaruza ukirudi kama msasa, basi gurudumu hilo linaburutwa kwa ubavu kila linapozunguka. Macho hayaoni, lakini kiganja kinaona. Tairi za gari la mama zilinikwaruza. Na zilinikwaruza zote, mbele na nyuma, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Inawezekanaje magurudumu yote manne yawe mabovu? Nikaanza kuamini ninachoambiwa, kwamba labda kweli ni mimi.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja nilikuwa nampeleka mama kliniki ya macho mjini. Alikaa mbele pembeni yangu, amevaa kitenge chake cha safari, rozari mkononi. Kabla hatujatoka nilizunguka gari nikatazama tairi. Lile la nyuma kushoto lilikuwa halina miezi mingi tangu nilinunue, meno yake ya nje yamesimama vizuri, weusi wake bado unang'aa. Tukaondoka.

Tulikuwa tunashuka, tumeshapita kona kali, wala sikuwa na mwendo. Nikasikia mlio kama wa bunduki nyuma yangu. Mkia wa gari ukaondoka. Nilishika usukani kwa nguvu zote, lakini gari lilikuwa limeshaamua, likajizungusha, likapanda ukingo, likagonga ngema ya udongo chini ya mibuni ya watu. Kioo cha upande wa mama kikamwagika. Halafu nikasikia mama anasema kwa Kichagga, polepole kabisa, kwamba mkono wake umekufa.

Haukuwa umekufa. Ulikuwa umevunjika kifundoni. Watu waliotoka mashambani walitusaidia, gari la kubeba maziwa likatupeleka hospitali, na mkono ukafungwa hogo gumu la plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nilikaa naye kwenye benchi. Simu ikaita; habari zilikuwa zimeshafika Dar. Kaka.

"Umemwangusha mama," alisema. Hakusalimia.

"Tairi limepasuka."

"Nilikwambia uendeshaji wako. Nilikwambia. Mama ana umri gani wa kuvunjwa mifupa?"

Nikakata simu. Kufika jioni, tukiwa tumerudi nyumbani, ndugu wote walikuwa wameshaambiwa. Dada yetu wa Arusha akaniandikia kwamba afadhali mama atafutiwe dereva. Shangazi alikuja na ndizi, akakaa kitandani kwa mama, akaniambia mbele yake, "Mwanangu, si lazima kila mtu aendeshe." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, na nasema kweli, nilitamani kuvunja kitu.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka nyumbani. Kesho yake nikaenda kulifungua lile tairi lililopasuka. Nililala chini, nikapiga jeki, nikalegeza nati moja moja, nikalivuta, nikaligeuza. Nikabaki nimekaa kwenye matope.

Upande wa nje, ule unaouona ukizunguka gari umesimama, lilikuwa tairi la dukani. Upande wa ndani, ule unaotazama uvunguni, hapakuwa na jino hata moja. Mpira ulikuwa umekwisha, waya zimetoka, zimekatika, zimechomoza kama ndevu. Tairi lilelile moja, nusu jipya, nusu maiti. Ningelizunguka gari lile asubuhi hadi jioni nisingeona kitu.

Na hapo ndipo nilipoelewa ule wema wa fundi. Kila tairi lililokaa pale nyuma kushoto lililiwa kwa ndani, kisha likahamishiwa mbele, na jingine likaja kuliwa pale pale. Ndiyo maana zote zilionekana mbovu. Walikuwa wanalisha tairi zangu kwenye shimo moja na kunionyesha vidonda pande zote nne. Na kila fundi akafungua mbele, akakaza mbele, akaniuzia vya mbele.

Nikafunga tairi la akiba. Usiku huo ilinyesha, na asubuhi uwanja wa shule yetu ulikuwa tope laini, jeusi, halijakanyagwa na mtu. Nikaliingiza gari pale, nikaliendesha pole pole kwa mstari ulionyooka kutoka goli moja mpaka jingine. Nikashuka nikarudi kuangalia. Gari zima huacha mistari miwili, kwa sababu tairi la nyuma hupita kwenye njia ya tairi la mbele. Langu lilikuwa limeacha mistari minne. Za nyuma zilipita pembeni ya za mbele, kulia, upana wa kiganja. Gari la mama lilikuwa linatembea ubavu kama kaa. Muda wote ule niliokuwa navutana na usukani, nilikuwa navutana na mkia.

Mwalimu mwenzangu akaniuliza kutoka barazani kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, akili.

Siku hiyohiyo, baada ya vipindi, nikashuka nalo mjini taratibu sana, mpaka kwenye gereji moja yenye mashine ya kupima magurudumu yote manne. Ni ya familia ya Kisingasinga, na anayeiendesha sasa ni binti wa mwenye gereji, mama wa makamo kama mimi, Kiswahili chake cha Moshi kabisa. Nilimweleza kila kitu kuanzia utepe mwekundu hadi mistari minne. Hakunikatiza. Alipitisha kiganja kwenye tairi kama nilivyokuwa napitisha mimi, akatikisa kichwa, akafunga vile vibao vya kupimia kwenye kila gurudumu.

"Mwalimu, umekuja na jibu tayari," alisema akitazama kioo cha mashine. "Mbele pana kasoro ndogo, hiyo ningeirekebisha sasa hivi. Lakini nyuma kushoto gurudumu limelala kwa ndani, limepinda, na tena limesogea mbele kuliko la kulia. Halisogei hivyo kwa shimo la barabara. Hili limegongwa."

"Sijaligonga. Kabla ya juzi sijawahi."

"Najua. Ya juzi ni mbele. Njoo uone."

Akafungua buti, akatoa zulia, akakwangua kwa bisibisi. Rangi nene ikatoka vipande vipande, na chini yake ukaonekana mstari wa kuchomelea, umekwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine, mgumu, umevimbavimba. Nusu ya nyuma ya gari ilikuwa imekatwa, imevutwa, imeungwa.

"Aliyepaka rangi hapa alijua anaficha nini," alisema.

"Unaweza kulinyoosha?"

"Naweza kukukazia namba zikasomeka vizuri kwenye mashine. Ukifika Kibosho zitakuwa zimerudi. Siwezi kukufanyia hivyo." Akafuta mikono. "Usimpandishe mtu humu."

Kaka alifika mwisho wa wiki kumwona mama, yeye na mkewe. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, hogo limepumzishwa juu ya mto, wifi yangu anamlisha mtori, supu ya ndizi na nyama, kwa kijiko. Shangazi alikuwepo. Nilisubiri kaka amalize chai. Sikutaka aseme baadaye kwamba nilimvamia.

"Kaka, gari hili liligongwa nyuma?"

"Nani kakwambia?"

Hakusema hapana.

"Nakuuliza wewe."

"Magari yote ya mtumba yamegongwa mahali. Hata huko Japani watu wanagongana."

"Nimeona lilipounganishwa. Nimeshika kwa mkono wangu."

"Sasa umekuwa fundi? Umemvunja mama mkono, unatafuta pa kutupia lawama."

Wifi yangu aliweka kijiko kwenye bakuli. "Waambie, baba watoto," alisema. "Mimi nilikuwemo."

Kaka akamkazia macho. Yeye akaendelea, taratibu, akimtazama mama. Alisema lori liliwapiga kwa nyuma Chalinze, upande wa kushoto. Shingo yake iliuma kwa muda mrefu. Gari likatengenezwa, lakini kila alipopanda alihisi linakwenda ubavu, akamwambia mumewe hapandi tena na watoto hawapandi. "Nilidhani umeliuza," alimwambia. "Nimekuja kulikuta hapa Desemba lina utepe, watu wanapiga vigelegele. Ningesema nini?"

Nikamgeukia kaka. Nilitegemea atainamisha kichwa. Alikunja uso kama mtu anayesumbuliwa na nzi.

"Fundi aliniambia safari ndefu halifai, lakini matumizi madogo madogo halina neno," alisema. "Nikaona kwa huku litatosha. Hamwendi mbali."

Kwa huku litatosha. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi maishani, kwa madaftari yanayoletwa shuleni yamelowa, kwa dawa zinazoletwa zahanati zimekaribia kuisha muda wake, lakini sikuwahi kuyasikia yakitoka kwenye mdomo ulionyonya ziwa moja na mimi. Dar ni tambarare. Ukipasua tairi Dar unasimama pembeni ya barabara unapiga simu. Huku kila safari ni mteremko, kila kona ina korongo chini yake. Alichukua gari ambalo mkewe alikataa kupanda kwenye tambarare, akampa mama yake alipande kwenye mlima.

Nilimwambia hayo. Sikuyasema kwa sauti ya chini. Nilimwambia kwamba kila nilipompigia simu alikuwa anajua. Nilipomwambia linavuta, alijua. Nilipomwambia linakula tairi, alijua kwa nini. Aliacha nidharauliwe na kila mwanamume mwenye spana kuanzia Kibosho hadi mjini, na mimi mwenyewe nikaanza kujishuku, na yote hayo ili asivuliwe sifa za Desemba.

"Basi, mwanangu," mama alisema. "Inatosha. Alinipa kwa moyo."

"Alikupa alichokiogopa mkewe, mama."

"Ni mtoto wangu."

"Na mimi?"

Shangazi akasema nina mdomo mkali, mtu akikosa hasemwi mbele ya mkewe. Nikatoka tena nyuma ya jiko, mahali palepale, na safari hii nililia, na kilio hakikupoza kitu.

Kaka akarudi Dar bila kuniaga. Baada ya muda akapiga simu, kwa mama, si kwangu. Alisema amepata mtu wa Kirua Vunjo anayelitaka gari kwa kubebea mbogamboga, nitengeneze kioo na bampa, nilioshe, jamaa aje alichukue. Mama alinipa ujumbe huo akitazama pembeni.

"Mtu huyo ameambiwa?" nikauliza.

"Sijui."

"Mama, kadi ya gari imeandikwa jina lako. Atakayelipanda atakuwa mtoto wa mwanamke mwenzio. Akipasua tairi pale juu Kirua, na watoto wake nyuma?"

Alikuna pembeni ya hogo. Kisha akasema, "Kafanye unavyoona wewe. Lakini usiniambie."

Nililipeleka kwa wakata vyuma. Waliniambia injini bado nzima, gia nzima, ni dhambi. Nikawaambia injini wachukue, gia wachukue, milango wachukue, lakini bodi ikatwe pale pale nikiona, katikati, isiungike tena. Walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja akaniuliza, "Mama, mzee anajua?" Nikamwambia mzee ni mimi. Moto wa gesi ulipopita kwenye ule mstari wa zamani wa kuchomelea, rangi iliungua ikanuka vibaya, na chuma kikafunguka kirahisi kuliko kwingine kote. Sikuondoka mpaka vipande viwili vilipoanguka kila kimoja upande wake.

Kaka alipojua aliacha kuzungumza nami. Kwenye familia mimi ndiye niliyeharibu mali ya mama, na hadithi ya Chalinze haisimuliwi. Wifi yangu hunipigia mara moja moja, tunaongea kuhusu watoto. Mkono wa mama ulipona lakini ulipona umepinda, hawezi kumenya ndizi wala kufunga kitambaa kichwani, namfunga mimi kila asubuhi kabla sijaenda shule. Kliniki tunakwenda kwa gari la kukodi la jirani. Nikifika kwa jirani, kabla mama hajapanda, napiga magoti, naingiza mkono nyuma ya kila gurudumu, napapasa upande wa ndani. Jirani mwanzoni alichukia. Nilimwambia achukie tu, mimi pia nimechukia.